Kutoka Sayari hadi Asteroidi: Historia ya Istilahi Moja ya Elimu ya Falaki

UTANGULIZI

Miongoni mwa miswada inayoletwa mezani petu ili ikaguliwe lugha yake, ile inayohusu elimu ya falaki ndiyo inayotupa taabu kubwa. Hivi karibuni tulipokea tafsiri ya kitabu cha sayansi kilichokusudiwa kusomwa shuleni. Katika ukurasa mmoja mfasiri aliandika kwamba kimondo kikubwa kuliko vyote kina kipenyo cha kilometa zipatazo 940. Mistari michache baadaye akaeleza kwamba kimondo huwaka kwa sekunde moja au mbili kisha kikatoweka. Katika ukurasa uliofuata wanafunzi waliulizwa kimondo kimelala katika wilaya gani ya Tanzania.

Mfasiri huyo hakuwa mzembe. Katika matini aliyoifasiri mlikuwa na istilahi tatu zilizo mbali kimaana, naye kwa kila moja alipata neno lile lile moja. Lakini mwanafunzi atakayekisoma kitabu hicho kwa makini, kama tunavyotaka wanafunzi wasome, atalazimika kuamini kwamba kitu chenye upana wa kilometa 940 huwaka kwa sekunde mbili na kisha huonekana kimelala Mbozi. Mwanafunzi wa namna hiyo atadhani kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, hali kosa si la Kiswahili.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya istilahi mojawapo katika hizo tatu, yaani ile inayotaja miamba mingi inayolizunguka jua, hasa katika nafasi iliyopo kati ya Mirihi na Mshtarii. Tutaonyesha kwamba hata katika lugha za Ulaya istilahi hiyo haikuzaliwa ikiwa kamili. Ilibuniwa kabla ya kitu chenyewe kufahamika, ikapingwa na waliokigundua, na ikadumu ingawa maana ya mizizi yake si sahihi. Kutokana na historia hiyo tutatoa hoja moja tunayoiona kuwa na manufaa kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali: kwamba thamani ya istilahi haitegemei sana maana ya mizizi yake, bali mipaka iliyowekwa baina yake na istilahi jirani zake.

PENGO KATI YA MIRIHI NA MSHTARII

Historia hii, ya kufurahisha kusema, inaanza na mfasiri. Mwaka 1766 Johann Daniel Titius, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Wittenberg, Ujerumani, alitoa tafsiri ya Kijerumani ya kitabu cha Charles Bonnet kuhusu maumbile. Katikati ya maneno ya Bonnet alipenyeza aya yake mwenyewe bila kuweka alama yoyote ya kumjulisha msomaji. Katika toleo la mwaka 1772 aliiondoa aya hiyo katika matini na kuiweka kama tanbihi ya mfasiri, jambo ambalo kila mfasiri mwaminifu angelifanya tangu mwanzo.

Aya yenyewe ilisema hivi: tukiugawa umbali wa Zohali kutoka kwenye jua katika sehemu 100, basi Utaridi iko kwenye sehemu ya 4, Zuhura kwenye 4 kuongeza 3, yaani 7, Dunia kwenye 4 kuongeza 6, yaani 10, Mirihi kwenye 4 kuongeza 12, yaani 16. Nambari inayoongezwa hujirudufu kila hatua. Hatua inayofuata ni 4 kuongeza 24, yaani 28, na hapo hapakuwa na kitu. Mshtarii iko kwenye 52, na Zohali kwenye 100. Titius aliuliza iwapo Muumba angeiacha nafasi hiyo tupu. Johann Elert Bode wa Berlin aliichukua kanuni hiyo mwaka 1772 akaieneza, na tangu hapo ikajulikana zaidi kwa jina lake kuliko la yule mfasiri.

Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari ya Uranusi. Kanuni ilitaka sayari baada ya Zohali iwe kwenye 196. Uranusi ikaonekana kwenye 192 hivi. Watu wakaamini kwamba kanuni ni ya kweli, na kwamba pengo la 28 lina sayari inayosubiri kuonekana. Mwaka 1800 wanafalaki waliokutana Lilienthal, Ujerumani, wakiongozwa na Franz Xaver von Zach, walikata shauri kuigawa njia ya sayari angani katika sehemu 24 na kumpa kila mwanafalaki sehemu yake ya kulinda. Kwa mzaha walijiita askari polisi wa mbinguni.

Lakini mtoro hakukamatwa na askari hao. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo katika kisiwa cha Sicily, padri Giuseppe Piazzi alikuwa akitayarisha orodha ya nyota alipoona nuru hafifu ambayo usiku uliofuata ilikuwa imehama. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya wale 24, ila mwaliko ulikuwa haujamfikia. Aliifuatilia nuru hiyo kwa siku 41, kisha akaugua, na nuru yenyewe ikapotelea katika mwanga wa jua. Hapo ndipo Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alipobuni njia mpya ya hesabu iliyowezesha kuikisia njia yote ya kitu kutokana na kipande chake kidogo. Kwa kufuata hesabu hiyo Zach alikiona tena kitu kile mwezi Desemba 1801, na Heinrich Olbers akakiona mwanzoni mwa Januari 1802. Umbali wake ulikuwa 27.7, karibu kabisa na 28 iliyotazamiwa.

Piazzi alikiita Ceres Ferdinandea. Ceres alikuwa mungu wa kike wa kilimo wa Warumi wa kale na mlinzi wa Sicily, na Ferdinand alikuwa mfalme wa nchi hiyo. Jina la mfalme halikupokewa na wageni, likafutika upesi. Pamoja na hayo, hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu aina ya kitu chenyewe: Ceres ilikuwa sayari.

JINA LA MWAKA 1802

Shaka ilianza tarehe 28 Machi 1802, Olbers alipogundua kitu cha pili, Pallas, katika umbali ule ule. Kanuni ilihitaji sayari moja. Sasa zilikuwapo mbili katika nafasi moja. Zaidi ya hayo, vyote viwili vilikuwa vidogo mno. Herschel, aliyekuwa na darubini kubwa kuliko wenzake, alijaribu kuvipima. Sayari nyingine zilipotazamwa kwa darubini zilionekana kama visahani vyenye ukingo. Hivi vilibaki kuwa nukta za nuru, kama nyota. Aliikadiria Ceres kuwa na kipenyo cha kilometa zipatazo 260 tu.

Herschel aliona kwamba vitu hivi havistahili kuitwa sayari, wala si nyota mkia, kwa kuwa havina ukungu wala mkia. Basi akawaandikia rafiki zake kuwaomba jina. Yapo majina kadhaa yaliyopendekezwa akayakataa. Utafiti wa Clifford Cunningham, uliotangazwa mwaka 2013, umeonyesha kwamba jina alilolichukua hatimaye lilitoka kwa Charles Burney mdogo, mtaalamu wa Kigiriki, ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Herschel. Burney aliunga maneno mawili ya Kigiriki: lile la nyota, na lile la sura au mfano. Hivyo asteroidi, kwa mizizi yake, ni "kitu mfano wa nyota". Herschel alilitangaza jina hilo mbele ya Chama cha Kifalme cha London mwezi Mei 1802.

Hapa wasomaji wetu watatambua jambo walilokwisha kulishuhudia mara nyingi katika vikao vya istilahi. Kwanza, aliyehitaji jina alikuwa mwanasayansi, na aliyelitunga alikuwa mwanalugha. Wawili hao hawakuweza kufanya kazi mmoja bila mwingine. Pili, jina lilieleza jinsi kitu kilivyoonekana katika darubini ya mwaka 1802, wala si jinsi kilivyo. Tatu, jina lilipingwa mara moja. Piazzi aliona kwamba ikiwa jina jipya ni lazima, afadhali iwe planetoidi, yaani "mfano wa sayari", kwa kuwa vitu hivi hulizunguka jua kama sayari na havina undugu wowote na nyota. Kwa mantiki ya mizizi, Piazzi alikuwa na haki kabisa. Katika Uingereza mhakiki mmoja alilidhihaki jina hilo, na walikuwapo walionong'ona kwamba Herschel, mgunduzi wa Uranusi, alitaka kuyashusha hadhi magunduzi ya wenzake.

Kwa muda wa karibu nusu karne jina hilo lilibaki pembeni. Karl Harding aligundua Juno mwaka 1804, na Olbers akagundua Vesta mwaka 1807. Vitabu vya shule vya miaka ya 1820 na 1830 vilifundisha kwamba jua lina sayari 11: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Vesta, Juno, Ceres, Pallas, Mshtarii, Zohali na Uranusi. Watoto wengi wa Ulaya walilikariri somo hilo.

WINGI ULIOBADILI AINA

Kilicholifufua jina la Herschel hakikuwa hoja mpya, bali wingi. Mwaka 1845 Karl Hencke, aliyekuwa mtumishi wa posta katika mji mdogo wa Driesen, aligundua Astraea baada ya kutafuta kwa miaka 15. Mwaka 1847 alipata nyingine, na kuanzia hapo hapakupita mwaka bila kitu kipya kuandikwa. Kufikia mwaka 1851 vilikuwapo 15, na kufikia 1868 vilitimia 100.

Hapo awali kila sayari ilikuwa na alama yake ya kuchorwa. Waandishi wa takwimu za falaki walichora mundu kwa Ceres, mkuki kwa Pallas, na kadhalika, hadi mkono ukachoka. Mwaka 1851 Johann Encke wa Berlin aliacha michoro hiyo na kutumia nambari ndani ya duara. Badiliko hilo la ukarani lilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwani kitu kinachohesabiwa kwa nambari kimekwisha kuhamishwa kutoka kundi la wachache wenye majina na kuwekwa katika kundi la wengi wenye aina. Mwaka 1891 Max Wolf alianza kuvigundua kwa kupiga picha, na idadi ikapanda zaidi. Leo vinavyojulikana ni zaidi ya milioni moja.

Wakati huo huo kanuni iliyoanzisha msako wote ilivunjika. Neptuni ilipogunduliwa mwaka 1846 ilionekana kwenye 301 hivi, hali kanuni ilitaka 388. Hivyo mfasiri wa Wittenberg aliwaongoza watu kwenye ugunduzi wa kweli kwa kanuni ambayo haikuwa sheria ya maumbile. Nalo jina la Herschel, lililotokana na kipimo chenye makosa, likabaki kuwa jina la aina ya kweli.

ASILI YA ASTEROIDI

Hapana budi tueleze kwa ufupi yale yanayojulikana sasa, maana istilahi isiyokuwa na dhana ni ganda tupu.

Olbers alipoona vitu viwili mahali pa kimoja alidhani kwamba ni vipande vya sayari iliyopasuka. Rai hiyo ilipendwa kwa muda mrefu, na bado husikika katika mazungumzo, lakini wanafalaki wameiacha. Ukikusanya uzito wote wa asteroidi zilizo kati ya Mirihi na Mshtarii, hupati hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi wetu. Na zaidi ya theluthi ya uzito huo ni Ceres peke yake. Asteroidi nazo hazifanani: nyingi ni nyeusi na zina kaboni, nyingine ni za mawe ya aina nyingine, na chache ni za chuma. Hazitokani na mzazi mmoja.

Maelezo yanayokubaliwa ni haya. Miaka ipatayo milioni elfu nne na mia sita iliyopita, jua na sayari zake zilijengeka kutokana na wingu la gesi na vumbi. Vumbi lilishikamana likawa mawe, mawe yakawa miamba, na miamba ikagongana na kuungana hadi zikapatikana sayari. Lakini jirani ya Mshtarii kazi hiyo haikumalizika. Nguvu ya mvutano ya sayari hiyo kubwa iliivuruga miamba kiasi kwamba ilipogongana ilivunjana badala ya kuungana, na sehemu kubwa ya miamba hiyo ikatupwa mbali. Tunachokiona leo ni mabaki ya ujenzi, wala si magofu ya nyumba iliyobomoka. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha dhana yenyewe.

Baadhi ya miamba hiyo ya mwanzo ilikuwa mikubwa hata ikayeyuka kwa joto la ndani. Chuma, kwa uzito wake, kilizama katikati, na mawe yakabaki juu. Baadaye migongano iliivunja baadhi yake na kuliweka wazi lile pande la chuma la katikati. Vipande vyake vingine hufika duniani. Kimondo cha Mbozi, ambacho kilijulikana kwa wanasayansi mwaka 1930 na ambacho uzito wake hukadiriwa kufikia tani 16, ni kimoja cha vipande hivyo: kwa sehemu kubwa ni chuma, pamoja na nikeli kidogo. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake Mbozi huwaonyesha kipande cha moyo wa asteroidi iliyovunjika kabla ya kuwapo kiumbe chochote chenye macho ya kuiona.

Vyombo vya anga vimetuongezea mengi. Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kiliizunguka Vesta mwaka 2011 hadi 2012, kisha Ceres kuanzia mwaka 2015. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta duniani mwaka 2020 gramu zipatazo 5 za asteroidi Ryugu, na tarehe 24 Septemba 2023 zikapokewa gramu 121.6 za asteroidi Bennu. Imeonekana kwamba asteroidi nyingi ndogo si mwamba mmoja, bali ni rundo la kifusi lililoshikamana kwa mvutano dhaifu.

Hata neno "ukanda", tulitumialo tunaposema ukanda wa asteroidi, linahitaji tahadhari. Msomaji huweza kudhani kwamba ni mahali palipobanana mawe. Chombo kiitwacho Pioneer 10 kilipita katika ukanda huo mwaka 1972 hadi 1973 bila kudhurika, kwa kuwa nafasi kati ya jiwe na jiwe ni kubwa mno.

UAMUZI WA MWAKA 2006

Tarehe 24 Agosti 2006, wanafalaki wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki waliokutana Prague walipiga kura kuhusu maana ya neno sayari. Kwa mujibu wa uamuzi wao, sayari hulizunguka jua, ina uzito wa kutosha kujifanya mviringo, na imesafisha jirani ya njia yake. Kilicho na sifa mbili za kwanza, kikakosa ya tatu wala kisiwe mwezi wa sayari nyingine, huitwa sayari kibete. Watu wengi wanaikumbuka siku hiyo kwa sababu ya Pluto. Lakini kwa historia tunayoieleza, muhimu zaidi ni Ceres: iliyokuwa sayari mwaka 1801, asteroidi katika karne iliyofuata, sasa ikawa sayari kibete, na ingali ikiandikwa kwa nambari yake ya zamani, 1 Ceres. Kwa miaka zaidi ya 200 kitu chenyewe hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mipaka tuliyoiweka sisi.

Wala mipaka hiyo haijakauka. Chiron kiligunduliwa mwaka 1977 kikaandikwa miongoni mwa asteroidi; miaka kumi na kitu baadaye kikaonekana kimezungukwa na ukungu kama nyota mkia. Sasa kimo katika orodha zote mbili. Mtunga istilahi anayetaka kila kitu kiwe na sanduku moja tu hana budi kukubali kwamba maumbile hayakuahidi hivyo.

ISTILAHI KATIKA KISWAHILI

Katika maandishi yaliyopita mikononi mwetu tumekuta majina manne ya dhana hii: kimondo, sayari ndogo, kisayari na asteroidi. Tuyapime moja moja.

Kimondo ni neno letu wenyewe, na watu wa pwani walilitumia kwa nuru ipitayo upesi usiku muda mrefu kabla ya shule za kisasa. Kwa sababu hiyo hasa, si haki kulinyang'anya kazi yake. Kimondo huonekana, asteroidi, kwa macho matupu, haionekani isipokuwa kwa nadra.

Sayari ndogo ni tafsiri ya jina jingine linalotumiwa na wanafalaki, na lina ubora wa kueleweka upesi. Lakini baada ya mwaka 2006 limekaa jirani mno na sayari kibete, na pia humfanya msomaji aulize kama Utaridi, iliyo ndogo kuliko sayari zote nane, nayo ni sayari ndogo.

Kisayari lingependeza zaidi, kwa kuwa kiambishi ki- cha udogo ni cha asili na hakihitaji maelezo. Bahati mbaya, ki- hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kuunda sifa: mwendo wa kisayari, elimu ya kisayari. Sentensi kama "umbo la kisayari" ingeweza kusomwa kwa njia mbili, na istilahi inayosomeka kwa njia mbili imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Linabaki asteroidi. Tunajua pingamizi lake. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hutaka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na kukopa kwingine kuje mwisho. Sisi tunauheshimu utaratibu huo na hatupendekezi uachwe. Lakini madhumuni yake ni kumfanya mtumiaji aelewe, nasi tumeona kwamba katika dhana hii maneno yaliyo wazi ndiyo yanayopotosha. Tukilifasiri jina la Kigiriki neno kwa neno tutapata kinyota, na tutakuwa tumelirithi kosa la darubini ya mwaka 1802.

Huenda msomaji akauliza: mbona nyota mkia limekubalika, ilhali si nyota? Jibu ni kwamba nyota mkia lilitungwa na wasemaji wenyewe kwa kitu walichokiona, nalo halina mshindani wa kulichanganya. Jina lililokwisha kukaa vinywani mwa watu halihukumiwi kwa mizizi yake. Litazame hata neno sayari. Tumelipata katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa kwenda, na katika Kiarabu cha siku hizi neno hilo hilo ndilo jina la motokaa. Hakuna Mswahili anayetatizika kwa hilo. Zuhura, Mshtarii na Zohali nazo tuliazima, nazo zimekuwa zetu. Kwa upande mwingine, Kilimia tulilitunga wenyewe kutokana na kulima, kwa kuwa nyota zile ziliwaonyesha wakulima majira. Lugha yetu imefanya yote mawili tangu zamani, kila moja kwa wakati wake.

Hivyo basi tunapendekeza mpangilio ufuatao, utumike kama jamaa moja wala si neno moja moja:

Sayari: gimba kubwa la mviringo lilizungukalo jua na lililosafisha jirani ya njia yake.

Sayari kibete: gimba la mviringo lilizungukalo jua lakini halikusafisha jirani ya njia yake, wala si mwezi wa sayari nyingine; kwa mfano Ceres na Pluto.

Asteroidi (wingi asteroidi, asteroidi hii, asteroidi hizi): mwamba au rundo la miamba lilizungukalo jua, lisilo na ukungu wala mkia, lenye upana unaozidi meta moja na usiofikia ule wa sayari.

Kijiwe cha anga: kipande kidogo kuliko asteroidi, kingali angani.

Kimondo: nuru ionekanayo pindi kipande hicho kinapopenya hewa ya dunia na kuwaka.

Jiwe la kimondo: mabaki yaliyofika ardhini.

Kimondo cha Mbozi kibaki na jina lake. Hilo ni jina la mahali na la watu, wala kanuni zetu hazikuwekwa ili kuwasahihisha wenyeji. Inatosha mwalimu aeleze kwamba kwa istilahi ya darasani ni jiwe la kimondo.

HITIMISHO

Pengine atatokea wa kusema kwamba haya ni mambo ya wanafalaki, na kwamba mwananchi wa kawaida hana haja nayo. Tunakumbusha kwamba tarehe 15 Februari 2013 asteroidi ndogo yenye upana wa meta zipatazo 20 ilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Tarehe 26 Septemba 2022 Marekani iligongesha chombo kwa makusudi kwenye asteroidi Dimorphos, na muda wake wa kuzunguka ukapungua kwa dakika zaidi ya 30. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuubadili mwendo wa gimba la angani.

Tena tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi iitwayo Apophis, yenye upana wa meta zaidi ya 300, itaipita dunia kwa umbali wa kilometa zipatazo 32,000. Haitatugonga, hesabu zake zimekwisha kuthibitishwa. Lakini itaonekana kwa macho matupu, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zitakazoiona. Usiku huo watangazaji wa redio, waandishi wa magazeti, maafisa wa serikali na walimu watatakiwa kuwaeleza watu kwa Kiswahili kinachopita juu ya vichwa vyao. Anayesema "kimondo kikubwa kinakuja" atakuwa amewatisha bure, kwa sababu kimondo, kwa maana yake ya haki, ni kile kilichokwisha kuingia katika hewa yetu. Anayesema "asteroidi inapita", na wasikilizaji wakawa wamekwisha kulizoea neno hilo, atakuwa amesema kweli kwa maneno mawili.

Neno haliwezi kuzoewa kwa siku moja. Ndiyo maana tunawaomba wafasiri na walimu walijaribu pendekezo hili katika kazi zao za kila siku, na watuletee maoni, hasa pale litakapowakwaza. Neno kijiwe cha anga ndilo tunaloliamini kwa uchache zaidi, nasi tutafurahi likipatikana bora kuliko hilo.